Sauti za Washairi Zisiachwe Zipotee

Ushairi wa Kiswahili ulizaliwa mdomoni kabla ya kufika kalamuni, na hadi leo haujaachana na sauti iliyouzaa. Utenzi huandikwa ukasubiri kughaniwa. Shairi hupimwa kwa mizani ambayo sikio huitambua kabla ya jicho. Na hata beti zinazochapwa gazetini husomwa na wengi kwa kuchezesha midomo. Ndiyo maana redio ilipoingia Afrika Mashariki haikuonekana kuwa adui wa washairi. Ilipokewa kama baraza jipya, pana kuliko mabaraza yote yaliyotangulia, ambalo mtu wa Ujiji aliweza kumsikia mtu wa Tanga bila ya kupanda gari-moshi.

Katika baraza hilo shairi lilipewa kiti tangu mapema. Mshairi mwenyewe, kwa sehemu kubwa, aliachwa amesimama mlangoni. Beti zake husomwa na mtangazaji, jina lake hutajwa mwisho, kisha muziki hufuata. Ni nadra msikilizaji kupata nafasi ya kumsikia mtunzi akieleza alizaliwa wapi, alijifunza kwa nani, alikula kwa kazi gani, ni jambo gani lililomkereketa hata akashika kalamu, na kwa nini alichagua neno hili akaliacha lile. Mazungumzo ya namna hiyo, hata yanapofanywa, huchukuliwa kuwa pambo la kujazia muda uliobaki baada ya taarifa ya habari na matangazo ya biashara.

Mtazamo huo una kasoro kubwa, na madhara yake huonekana kwa kuchelewa. Mazungumzo ya redio na washairi juu ya maisha na kazi zao ni sehemu ya kuandika historia ya lugha ya Taifa. Yanastahili kupangwa, kuendeshwa na watu wenye ujuzi, kuhifadhiwa kwa uangalifu na kutumiwa shuleni. Jambo hilo linawahusu watangazaji, lakini linawahusu vilevile walimu na watumishi wa serikali, kwa sababu washairi wengi wakubwa wa Kiswahili walitoka katika makundi hayo mawili.

KISA KILICHO NYUMA YA UBETI

Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliingia katika ukarani wa forodha mwaka 1926, na karibu maisha yake yote ya kazi aliyatumia katika ofisi za serikali, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo kama karani mwingine yeyote wa zama za ukoloni. Msomaji wa leo anayajua hayo kwa sababu mwenyewe aliyaandika katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Kwa kuwa aliandika, mwalimu anayefundisha shairi lake la kumlilia mkewe Amina anaweza kuwaeleza wanafunzi kwamba nyuma ya vina vile palikuwa na mgane aliyeachiwa watoto wa kulea, na kwamba tenzi zake za kuusia zilitungwa na baba mwenye watoto hao nyumbani.

Lakini ni washairi wangapi walioandika maisha yao kwa mkono wao wenyewe? Ni wachache mno. Wengine ama hawakuwa na wasaa, ama waliona haya kujisimulia, kwa kuwa adabu ya Kiswahili haimhimizi mtu kujitaja. Adabu hiyohiyo, hata hivyo, inamlazimu mtu kujibu anapoulizwa kwa heshima. Hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa na nguvu ambayo kitabu hakina: yanamwezesha mtu mnyenyekevu kusema habari zake bila ya kuonekana kwamba anajigamba.

Shaaban Robert mwenyewe aliitambua nguvu hiyo. Ili kuandika Wasifu wa Siti Binti Saad alizungumza na mwimbaji huyo mashuhuri wa Unguja kabla hajafariki mwaka 1950. Sauti ya Siti ya kuimba ilikuwa imekwisha kunaswa katika santuri huko Bombay tangu mwaka 1928. Kilichokuwa kikikosekana ni habari za maisha yake: vipi binti wa shamba aliyetoka Fumba, asiye na ukoo wa kutajwa wala mali, alifika mahali pa kuimba mbele ya wakubwa akasikilizwa. Bila ya mshairi mmoja kukaa na msanii mwenzake na kumwuliza, santuri zingebaki na sauti, na historia ya mwenye sauti ingebaki ni uvumi.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga mashairi mengi ya mafumbo, ya majibizano na ya siasa za mji wake wakati wa ugomvi wa Mombasa na watawala wa Unguja. Beti zake zilidumu vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kuzieleza kwa ajili ya W. E. Taylor katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1940 ikachapishwa diwani yake chini ya uhariri wa William Hichens, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake. Kila anayesoma Muyaka leo anategemea, kwa njia moja au nyingine, wazee walioulizwa wakajibu. Pale walipoulizwa, fumbo limefumbuka. Pale ambapo hakuna aliyeuliza, ubeti umebaki kama kufuli ambalo ufunguo wake ulizikwa na mwenyewe.

FUNZO LA MWAKA 1962

Mwezi Juni mwaka 1962 ulifanyika Makerere, Uganda, mkutano mkubwa wa waandishi wa Kiafrika. Sharti la kualikwa lilikuwa ni kuandika kwa Kiingereza. Vijana waliokuwa wamechapisha hadithi fupi moja au mbili walipata nafasi. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu kadhaa vya mashairi, insha na hadithi, na aliyekuwa akisomwa kutoka Lamu hadi Kigoma, hakuwa na sifa ya kualikwa kwa kuwa lugha yake ilikuwa Kiswahili. Mwezi huohuo wa Juni akafariki dunia. Marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyehudhuria mkutano ule akiwa mwanafunzi, alikuja kulikumbusha jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na ukoloni wa fikra.

Mwaka huohuo wa 1962, huko London, kilianzishwa kituo kilichoitwa Transcription Centre chini ya uongozi wa Dennis Duerden. Kazi yake ilikuwa kunasa mazungumzo na waandishi, wasanii na wanasiasa wa Kiafrika na kuyapeleka kwa vituo vya redio. Miongoni mwa waliouliza maswali alikuwa Lewis Nkosi wa Afrika Kusini na Robert Serumaga wa Uganda, watu waliokuwa waandishi wao wenyewe na walioijua kazi waliyokuwa wakiiulizia. Miongoni mwa waliojibu alikuwa Christopher Okigbo, mshairi wa Nigeria, aliyehojiwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1967 Okigbo aliuawa katika vita vya Biafra, akiwa na umri wa miaka 35. Mazungumzo yake yalichapwa mwaka 1972 katika kitabu pamoja na ya wenziwe, na hadi leo mwanafunzi anayetaka kujua mshairi huyo aliionaje kazi yake anaanzia hapo. Kama asingeulizwa mapema, mauti yangemtangulia kila mwulizaji.

Kazi ile ilikuwa njema, na wajibu ni kuisifu. Lakini ina upande wa pili ambao haufai kusahauliwa. Fedha za kuanzishia kituo kile zilitoka katika Congress for Cultural Freedom, jumuiya ambayo uhusiano wake na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, ulifichuka katika miaka ya 1966 na 1967. Lugha ya mazungumzo yale ilikuwa Kiingereza. Na kumbukumbu za kituo hicho leo zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Mtafiti wa Ibadan au wa Dar es Salaam anayetaka kuzipekua kwa mkono wake sharti avuke bahari.

Waandishi waliojibu maswali hawastahili lawama kwa hayo. Wengi wao hawakujua chanzo cha fedha. Wala hakuna haja ya kumlaani aliyenasa sauti ambazo vituo vya Afrika vyenyewe havikuzinasa. Funzo lililopo ni jepesi kueleweka: anayenunua kanda ndiye anayechagua nani aulizwe, kwa lugha gani, juu ya jambo gani, na jibu likawekwe wapi. Taifa lisilowauliza washairi wake linamwachia mwingine kazi ya kuwauliza, kisha linakwenda kuomba ruhusa ya kusikiliza.

WATUNZI WALIOKUWA MAOFISINI

Utangazaji mjini Dar es Salaam ulianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali. Unguja nayo ilikuwa na kituo chake tangu mwaka 1951. Hiyo ndiyo miaka ambayo ushairi ulikuwa na kazi nzito katika maisha ya umma, na watu walioufanya kazi hiyo hawakuwa watu wa kukaa pembeni.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha mwaka 1954, alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri katika serikali ya Tanganyika huru, na alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka 40 tu. Ndugu Saadan Abdu Kandoro, mzaliwa wa Ujiji kama yeye, alikuwa mmoja wa watu 17 walioanzisha TANU tarehe 7 Julai 1954, na beti zake zilikwenda pamoja na hotuba katika kudai uhuru. Marehemu Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alipitia ualimu na ukarani kabla ya kuwa hakimu. Ni yeye aliyeipa ngonjera umbo lililoenea mashuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na Ngonjera za UKUTA zikatolewa kuanzia mwaka 1970, yeye akiwa amekwisha kutangulia.

Mwalimu anayesimama mbele ya darasa na majina hayo matatu anakabiliwa na maswali ambayo diwani peke yake haiyajibu. Ilikuwaje mtu wa Ugogo, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, akaimiliki mizani ya watu wa pwani hata akawa mwalimu wao? Mtunzi anayetunga kwa ajili ya mkutano wa hadhara anaanza na nini: hoja, kina, au kituo ambacho umati utakiitikia? Waziri anapotunga shairi usiku, je, ni Waziri anayetunga au ni mshairi? Na pale siasa ilipotaka jambo moja na sanaa ikataka jingine, ni lipi lililoshinda? Haya si maswali ya udaku. Ndiyo kiini cha kuuelewa ushairi wa zama zile, na mtu wa kuyajibu kwa hakika ni mtunzi mwenyewe.

Ndugu Abdilatif Abdalla wa Mombasa anaonyesha faida ya mshairi kuujua upande wa pili wa kipaza sauti. Alifungwa nchini Kenya kutoka mwaka 1969 hadi mwaka 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza nchi inaelekea wapi. Humo gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika juu ya karatasi za msalani, nayo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na kumpatia Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Alipotoka kifungoni alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha kuanzia mwaka 1979 akawa mtangazaji wa idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyokuwa hewani tangu mwaka 1957. Amezungumza mara nyingi juu ya utunzi wa gerezani, na kwa sababu hiyo msomaji wa Sauti ya Dhiki hasomi maneno matupu juu ya dhiki. Anajua karatasi ilikuwa ya namna gani, na anajua kwa nini mtu aliyefungiwa peke yake angeshikilia vina na mizani kama anayeshikilia kamba kisimani.

NAMNA YA KUULIZA

Mazungumzo mema hayatokei kwa bahati. Kosa la kwanza linalofanywa ni la mtangazaji kuingia studio bila ya kusoma hata shairi moja la mgeni wake. Huanza kwa kumwomba ajitambulishe, humwuliza alianza lini kutunga, humtaka atoe wito kwa vijana, kisha dakika zimekwisha. Mgeni anarudi nyumbani na mambo yake yote tumboni. Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wangeweza kuongeza kwamba anayeuliza bila ya kujiandaa hujifunza kidogo kuliko anavyodhani.

Kosa la pili ni sifa zilizopita kiasi. Mshairi akiitwa gwiji mara kumi katika robo saa hupata aibu ya kukiri kwamba ubeti fulani ulimshinda, kwamba kina fulani alikilazimisha, au kwamba shairi lililompa umaarufu mwenyewe halipendi. Ilhali mambo hayo ndiyo yenye mafunzo kwa anayejifunza kutunga. Fundi seremala humfundisha mwanagenzi kwa kumwonyesha ubao ulioharibika, na mshairi naye ana mbao zake.

Kosa la tatu ni kuogopa habari za riziki. Marehemu Haji Gora Haji, mtunzi wa Kimbunga, aliyezaliwa katika kisiwa cha Tumbatu mwaka 1933, alifanya kazi za uvuvi na ubaharia. Pepo na mawimbi katika beti zake hakuyatoa katika kamusi. Mwulizaji anayeona kwamba habari za ngalawa na nyavu hazina uhusiano na fasihi anamkata mshairi na chemchemi yake. Hali kadhalika haifai kuona vibaya kuuliza mshairi alilipwa nini kwa diwani yake. Jibu huwa la huzuni mara nyingi, na umma unastahili kulisikia.

Kosa la nne ni kuwasahau wanawake. Utenzi unaofahamika kuliko tenzi nyingi za Kiswahili, ule wa mwaka 1858, ulitungwa na Mwana Kupona binti Mshamu kumwusia binti yake. Tangu wakati huo wanawake hawajaacha kutunga: wapo watunzi wa nyimbo za harusi, za unyago, za taarabu, za kubembelezea watoto. Wengi wao hawatumi beti magazetini wala hawajiiti malenga. Mtangazaji anayesubiri waje studio atasubiri sana. Yampasa achukue kinasa sauti awafuate, na ajue kwamba yako mambo wasiyoyasema mbele ya mwanamume, hivyo mwulizaji awe mwanamke.

Kosa la tano ni haraka. Mzee wa miaka 80 hajibu kama mwanasiasa. Hunyamaza, hukohoa, huanza kisa cha jirani, kisha kupitia kisa hicho hulifikia jibu. Anayemkatiza kwa sababu saa imefika amekata jibu lenyewe. Dawa yake ni kunasa mazungumzo marefu, ya saa mbili au tatu ikibidi, kurusha hewani sehemu inayotosha kipindi, na kuiweka akiba sehemu iliyobaki.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wanaosema kwamba shairi lililo zuri hujitegemea, na kwamba kumfuata mtunzi nyumbani kwake ni kuacha kazi na kushika umbea. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Mwanafunzi hapaswi kukariri tarehe ya kuzaliwa ya mshairi akadhani amelielewa shairi. Tena mshairi naye ni binadamu: huweza kusahau, kujipamba, au kulipa shairi la zamani maana ambayo hakuwa nayo wakati wa kulitunga. Kwa hiyo maneno yake hayana budi kupimwa pamoja na maandishi na ushahidi wa wengine. Lakini kuupima ushahidi ni jambo moja na kuukosa ni jambo jingine. Hakimu hakatai kumsikia shahidi kwa sababu tu mashahidi wengine husahau.

Katika miaka ya 1970 palizuka ubishi mkali juu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Marehemu Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974. Kabla yake, mwaka 1973, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walikuwa wametoa Mashairi ya Kisasa. Upande wa pili walisimama wataalamu walioona kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Wanafunzi hadi leo hufundishwa ubishi huo kwa muhtasari wa pande mbili: hawa walisema hivi, wale walisema vile. Kumsikia mtunzi aliyekulia Ukerewe akieleza kwa utulivu ni nini alichokitafuta nje ya mizani, na kumsikia malenga wa pwani akieleza ni nini kinachopotea mizani ikiachwa, kungewafundisha zaidi ya muhtasari kumi. Ubishi uliandikwa vitabuni kwa ukali. Katika sauti za wenyewe ungesikika pia kuwa na mapenzi, kwa kuwa wote walikuwa wakigombea kitu kimoja wanachokipenda.

Wapo pia wanaosema kwamba vijana hawasikilizi tena redio. Hata hilo likikubaliwa, halipunguzi haja ya kunasa sauti. Mazungumzo yaliyonaswa leo yanaweza kusikilizwa katika simu ya mkononi na mwanafunzi aliyezaliwa miaka 20 baadaye. Chombo cha kusikilizia hubadilika. Kisichorejea ni nafasi ya kumwuliza mtu aliyekwisha kufa. Sheikh Ahmed Nabhany, bingwa wa tenzi na wa kubuni istilahi aliyezaliwa Lamu, alifariki mwaka 2017. Profesa Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Mzee Haji Gora alifariki mwaka 2021. Kila mmoja wao alikuwa maktaba, na maktaba hizo hazitafunguliwa tena.

KANDA NAZO HUFA

Kunasa sauti bila ya kuihifadhi ni kuteka maji kwa pakacha. Kwa miongo mingi sauti zilinaswa katika kanda za sumaku. Joto na unyevunyevu wa pwani huziharibu: utando unaobeba sauti hulegea, hunata, kisha hubanduka. Tena hata kanda iliyo salama haina faida pasipo mashine ya kuichezesha, na mashine hizo haziundwi tena kama zamani, wala mafundi wake hawaongezeki. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na jumuiya ya kimataifa ya watunzaji wa kumbukumbu za sauti, ilianza kuzitahadharisha nchi zote kwamba nafasi ya kuzihamisha sauti hizo inakwisha, na mwaka 2025 ulitajwa kuwa ndio takriban kikomo chake. Kikomo hicho kimefika. Kila kanda ambayo haijahamishiwa katika mitambo ya kisasa sasa inashindana na kutu na ukungu.

Nchi hii ina hazina kubwa ya kanda za Radio Tanzania, ambazo leo zimo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Muziki wa dansi uliomo katika hazina hiyo umepata watetezi wengi, na ni haki yake. Sauti za wasemaji, wakiwamo washairi, zina watetezi wachache, kwa kuwa hakuna anayezicheza harusini. Katika kazi ya kuhamisha kanda, zisiwekwe mwisho wa foleni. Na haki za mwenye sauti zilindwe: mshairi au warithi wake waombwe idhini, waandikiwe mkataba unaoeleweka, na walipwe pale sauti inapouzwa, kama inavyotakiwa na sheria ya hakimiliki. Mzee aliyedhulumiwa mara moja hatazungumza mara ya pili, na atawaonya wenziwe.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Serikali ina maofisa utamaduni wilayani. Kila mmoja wao anaweza kuandaa orodha ya watunzi wa wilaya yake wenye umri mkubwa: majina yao, mahali wanapoishi, aina ya tungo zao na hali ya afya zao. Kazi hiyo haihitaji fungu jipya katika bajeti. Yahitaji daftari, baiskeli au pikipiki, na nia. Orodha hiyo ikimfikia mtayarishaji wa vipindi, nusu ya kazi yake imekwisha kufanywa.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi bora zaidi, kwa kuwa wako karibu na watu. Mada ya fasihi simulizi imo katika mafunzo ya sekondari, na mara nyingi hufundishwa kwa kuandika ubaoni fasili za kunakiliwa. Darasa moja likitumwa kijijini na simu moja ya kunasia sauti, likiwa na maswali 10 yaliyoandaliwa vizuri, litarudi na somo ambalo kitabu hakina. Wanafunzi wataandika walichokisikia, watajifunza kutofautisha maneno ya mzee na maoni yao, na shule itakuwa na kumbukumbu yake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: shule 100 zikifanya hivyo kwa mwaka mmoja, wilaya nyingi zitakuwa na hazina ambayo hakuna chuo kikuu kingeweza kuikusanya peke yake.

Vituo vya redio, vya umma na vya watu binafsi, navyo vinaweza kutenga saa moja kwa juma. Mwulizaji awe mtu anayejua tofauti ya utenzi na shairi, na aliyesoma kazi za mgeni. Mgeni aghani mwenyewe beti zake kwa mahadhi aliyoyarithi, kwa kuwa mahadhi hayaandikiki. Nakala ya mazungumzo kamili iwekwe kituoni, nyingine ipelekwe katika taasisi ya lugha au maktaba ya umma, na nyingine apewe mshairi na jamaa zake.

Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu mwaka 2022 siku hiyo huadhimishwa kwa makongamano, ngoma na hotuba. Hotuba ni nyingi na zinafanana. Ingekuwa heshima iliyo kubwa zaidi kwa lugha hii kama kila mwaka, tarehe hiyo, kila mkoa ungekabidhi hadharani mazungumzo kamili na mtunzi mmoja mzee, yaliyonaswa vizuri na kuandikwa chini. Baada ya miaka 10 Taifa lingekuwa na mamia ya sauti, kwa lugha yao wenyewe, katika nyumba yao wenyewe. Kinachohitajika ni mtu wa kubisha hodi, kuketi, kuuliza na kusubiri jibu, wakati mwenye jibu angali yu hai.